Daftari la zamu liko mikononi mwa nani? Jinsi serikali zinavyosimamia magereza ya kampuni

Swali: Mimi ni mkazi wa Arusha. Mwaka 2023 yule mfungwa wa Afrika Kusini, Thabo Bester, alipokamatwa hapa kwetu, kijiweni tuliongea wiki nzima. Kilichonishangaza mimi ni kusikia kwamba gereza alilotoroka lilikuwa likiendeshwa na kampuni binafsi. Serikali inawezaje kumkabidhi mfanyabiashara wafungwa? Ikishamkabidhi, inamsimamiaje? Siku hizi kwetu kila kitu ni ubia. Siku wakituletea na hili tuulize nini? Na mfungwa akionewa mle ndani, anamshitaki nani, kampuni au serikali?

Jibu: Ndugu yangu wa Arusha, umeuliza mengi kwa mkupuo mmoja. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kukagua mikataba ya huduma za umma, kwa hiyo nitakujibu kwa jicho la mkaguzi na siasa nitawaachia wenye nazo. Swali lako la mwisho nitaliweka mwisho vilevile, maana ndilo linaloniumiza kichwa.

Tuanze na hilo gereza lenyewe. Mangaung, Bloemfontein, ni gereza la ulinzi mkali lenye nafasi 2,928, lililofunguliwa Julai 2001. Mwendeshaji alikuwa G4S, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa walinzi wa benki na magari ya fedha. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, ambao ndio ukomo uliowekwa na sheria yao, na ukiisha gereza ni la serikali. Kuna jingine la namna hiyo kule Limpopo, Kutama Sinthumule, lenye nafasi 3,024. Hukumu ni ya mahakama na mfungwa ni wa dola. Kampuni inakabidhiwa funguo, jiko, zahanati na zamu za walinzi.

Sheria ya magereza ya Afrika Kusini, Na. 111 ya mwaka 1998, imetaja mambo ambayo kampuni haigusi kabisa. Haipigi hesabu ya siku za kifungo. Haimpi mfungwa adhabu ya kinidhamu. Haiamui nani ahamishwe, nani aachiwe kwa msamaha wa masharti. Sababu unaiona mara moja: anayelipwa kwa kukaa na watu hawezi kuwa ndiye anayeamua wakae mpaka lini. Ukitaka kujua kama mkataba wa gereza umeandikwa na watu makini, tafuta ukurasa huo kwanza.

Kuna nchi iliyokataa hata hapo. Israeli ilikuwa imepitisha sheria, ikapata mkandarasi, na jengo likawa limesimama karibu na Beersheba. Novemba 2009 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, chini ya Jaji Dorit Beinisch, ikaifuta sheria yote kwa kura 8 dhidi ya 1. Hoja yao haikuwa kwamba kampuni itawatesa watu. Walisema kumfunga mtu na kutumia nguvu juu yake ni mamlaka ya dola peke yake, na mfungwa akiwekwa chini ya mtu anayetafuta faida, hapo hapo utu wake umeshavunjwa, hata kama godoro ni jipya. Mimi nakubaliana nao nusu. Nimeona magereza ya serikali, kwa hiyo siwezi kusema utu unalindwa na rangi ya sare.

Sasa usimamizi. Kwenye karatasi Afrika Kusini ina macho manne. La kwanza ni afisa wa serikali anayeitwa kontrola, ambaye ofisi yake iko ndani ya gereza lenyewe la kampuni. Kazi yake ni kuangalia kila siku kama mkataba unatekelezwa na kumwandikia Kamishna wa Taifa. Utaratibu huu ulianza mapema zaidi Uingereza: sheria yao ya mwaka 1991 ilitaka kila gereza la kampuni liwe na mkurugenzi wa kampuni na kontrola wa serikali, na la kwanza, Wolds, likafunguliwa mwaka 1992. Jicho la pili ni ofisi ya ukaguzi inayoongozwa na jaji, ambayo inaingia gereza lolote, la serikali au la kampuni. La tatu ni wageni huru, raia wanaoteuliwa na ofisi hiyo ya jaji kuzunguka kwenye seli na kupokea malalamiko. La nne ni kifungu cha 112: mambo yakiharibika, Kamishna anaweka meneja wake wa muda na kampuni inakaa pembeni.

Macho manne, na bado mtu akatoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2022 seli ya Bester iliwaka moto, na mwili uliokutwa ndani ukaandikwa kuwa ni wake. Mfungwa wa kifungo cha maisha akahesabiwa kuwa amekufa. Lakini uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba marehemu alishakufa kabla ya moto kuwashwa. Ofisi ya ukaguzi ya jaji, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Edwin Cameron, ikatilia shaka. Novemba 2022 gazeti la mtandaoni la GroundUp likaanza kuchapisha maswali. Mamlaka hazikukubali hadharani kwamba ametoroka mpaka Machi 2023. Aprili akakamatwa huko kwenu. Waliofikishwa mahakamani baadaye walikuwemo waliokuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Hesabu miezi: zaidi ya kumi, mfungwa hewa nyuma ya maiti ya mtu mwingine.

Neno hilo "hewa" nimelitumia kwa makusudi, maana sisi tunalielewa kuliko wengi. Tumeshapata wafanyakazi hewa kwenye orodha za mishahara na tunajua ugonjwa wenyewe ulivyo. Siku moja nilikuwa nakagua mkataba wa ulinzi wa taasisi ya umma ambayo sitaitaja. Ankara ilidai walinzi 12 kila usiku, na daftari la zamu lilikuwa na saini 12, safi kabisa, zote za wino mmoja. Nikaenda saa nane usiku bila kupiga simu. Nikakuta wanne, mmoja wao amejilaza juu ya boksi lililofunuliwa. Aliyekuwa akiangalia mkataba ule kwa niaba ya taasisi hakuwa mwizi. Alikuwa analetewa daftari kila Jumatatu, anahesabu saini, anagonga muhuri. Yeye alikagua daftari, na mlinzi hakumwona hata siku moja.

Hicho ndicho kiini cha jibu langu: usimamizi wa gereza la kampuni unasimama au unaanguka kwa kutegemea nani anatengeneza takwimu. Kampuni inapolipwa kwa idadi ya askari walioingia zamu, na inakatwa fedha kwa kila tukio la kupigana, kutoroka au kukutwa na simu, kisha idadi hiyo inaandikwa na kampuni hiyo hiyo, kontrola hata awe mwadilifu kiasi gani anasoma hadithi aliyoandikiwa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Idaho, Marekani, ni mfano uliokwenda mpaka mwisho. Gereza kubwa la jimbo hilo, kusini mwa Boise, liliendeshwa na CCA, kampuni iliyoanzishwa Tennessee mwaka 1983 na ambayo tangu 2016 inajiita CoreCivic. Wafungwa wenyewe walilibatiza jina la shule ya mapigano. Walifungua kesi mwaka 2010, ikaisha kwa makubaliano kwamba kampuni itaongeza askari. Mwaka 2013 kampuni ikakiri kwamba kumbukumbu za zamu zilikuwa zimeghushiwa: takriban saa 4,800 za kazi kwenye nafasi za ulinzi ambazo ukweli wake hazikuwa na mtu. Askari hewa. Jaji wa shirikisho akaitia hatiani kwa kudharau amri ya mahakama, kampuni ikailipa Idaho dola milioni 1, na Julai 2014 jimbo likachukua gereza lake.

Na usidhani ni Wamarekani tu. Uingereza, mwaka 2013, iligundulika kwamba G4S na kampuni nyingine iitwayo Serco walikuwa wakiitoza serikali kwa kufuatilia watu waliofungwa vifaa vya kielektroniki mguuni huku baadhi yao wakiwa wamerudishwa gerezani, wengine wamehama nchi, wengine wamefariki. G4S pekee ilirudisha zaidi ya pauni milioni 100. Wizara ilikuwa ikipokea ankara hizo na kuzilipa.

Utasema, basi weka mtu wa serikali ndani ili aone kwa macho. Alikuwepo. Gereza la Birmingham lilikuwa la serikali kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla halijakabidhiwa G4S mwaka 2011, la kwanza nchini humo kutoka mikono ya serikali kwenda kwa kampuni. Desemba 2016 likalipuka kwa ghasia. Mkaguzi Mkuu wa Magereza, Peter Clarke, alipolikagua tena mwaka 2018 alikuta harufu ya dawa za kulevya kwenye korido, askari waliojifungia ofisini, wengine wamelala. Na wakati ukaguzi ukiendelea, magari yakachomwa moto kwenye maegesho ya wafanyakazi. Kilichomkasirisha zaidi, ukisoma barua yake kwa waziri, ni kwamba wizara ilikuwa na watu wake mle ndani siku zote. Waliona nini? Walikuwa wakiripoti nini, na nani alikuwa akisoma?

Mimi nina jibu, na si la kisheria. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kontrola anakaa jengo moja na mkurugenzi wa kampuni, wanakunywa chai pamoja, mtoto wa mmoja akioa, mwenzake anachanga. Baada ya miaka miwili keshakuwa mwenyeji. Kuandika ripoti mbaya ni kumharibia jirani, na pia ni kujishitaki mwenyewe, maana bosi atauliza ulikuwa wapi muda wote huo. Ndiyo maana habari kubwa za magereza ya kampuni mara nyingi hutoka kwa mtu asiye na kiti mle ndani. Bloemfontein lilikuwa gazeti. Idaho walikuwa wafungwa na mawakili wao. Auckland, New Zealand, mwaka 2015 zilikuwa video za wafungwa wakipigana kwa mpangilio ndani ya gereza la Mount Eden, zikiwa zimepandishwa YouTube. Serikali ililichukua gereza hilo kutoka kwa Serco mwezi huo huo. Wasimamizi wa wizara walikuwa na ofisi palepale.

Lipo na suala la mfuko. Mkaguzi huru analipwa na nani? Afrika Kusini ofisi ya jaji ilikuwa ikipata fedha zake kupitia idara ile ile ya magereza inayoikagua. Shirika la Sonke Gender Justice lilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama ya Katiba ikasema utaratibu huo hauipi ofisi uhuru wa kutosha, ikalitaka Bunge lirekebishe sheria. Hebu jiulize wewe: ungemkagua kwa ukali mtu ambaye ndiye anayekukatia posho ya safari ya kwenda kumkagua?

Kifungu cha 112, lile jicho la nne, nacho kina mtihani wake. Kilishatumika Mangaung kabla ya Bester. Mwaka 2013 gereza lilikumbwa na mgomo na visu, kampuni ikafukuza askari zaidi ya 300, na mwezi Oktoba serikali ikaingia. Mwezi huo huo waandishi wa Wits Justice Project wakatoa madai ya wafungwa kupigwa shoti ya umeme na kuchomwa sindano za dawa za akili kwa nguvu, kampuni ikakanusha. Agosti 2014 gereza likarudishwa kwa kampuni ile ile. Karibu miaka minane baadaye ndipo seli ikawaka moto, na mwaka 2023 wizara ikatoa notisi ya kuvunja mkataba.

Kwa nini lilirudishwa? Mkataba wa miaka 25 ni ndoa ya kanisani. Kuuvunja kuna fidia, kuna mabenki yaliyokopesha ujenzi, na zaidi ya yote kuna swali la nani ataingia zamu kesho asubuhi. Serikali iliyokwisha kupunguza watu wake haina askari 300 wa akiba. Birmingham iliwezekana kwa sababu magereza mengi ya Uingereza bado ni ya serikali: walipeleka askari 30 wa nyongeza, wakaondoa wafungwa wapatao 300, G4S ikalipa pauni milioni 9.9 za gharama, na mwaka 2019 gereza likarudi serikalini moja kwa moja. Kitisho cha kumnyang'anya mkandarasi kazi kina nguvu pale tu unapoweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe kesho yake.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Magereza mawili ya kampuni ya Afrika Kusini hayakuwa na msongamano ule wa kulala kwa zamu unaoukuta kwenye mengi ya serikali, kwa sababu mkataba ulitaja idadi ya vitanda na hakuna kuzidisha. Serikali ililipia nafasi, iwe na mtu au haina. Ni gharama, ila angalau haimpi mkandarasi hamu ya kushindilia watu. Marekani mikataba mingi inalipa kwa kichwa kwa siku, na baadhi inaahidi kwamba vitanda havitashuka chini ya asilimia fulani, Arizona iliwahi kuahidi mpaka asilimia 100 katika mikataba kadhaa. Uhalifu ukipungua, mlipakodi anadaiwa.

Na Marekani huko huko, Agosti 2016, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alilinganisha magereza ya shirikisho ya kampuni na ya serikali, akakuta ya kampuni yana matukio mengi zaidi ya usalama kwa idadi ya wafungwa katika maeneo mengi aliyopima. Simu za magendo zilikuwa mara nane. Sehemu niliyoipenda mimi ni ya orodha ya ukaguzi. Wasimamizi wa serikali walikuwa na karatasi ya kuweka tiki, na karatasi hiyo ilikuwa imeruka mambo muhimu ya huduma za afya yaliyomo kwenye mkataba. Mtu anaweza kuweka tiki zote kwa uaminifu na mgonjwa asimwone daktari. Baada ya ripoti hiyo ikaja amri ya kuacha magereza hayo taratibu. Ikafutwa 2017, ikarudi kwa namna nyingine 2021, ikafutwa tena siku ya kwanza ya Trump Januari 2025. Usimamizi unaogeuka kila uchaguzi mkandarasi anausubiri tu upite.

Kwetu Tanzania magereza yako chini ya Jeshi la Magereza, na Kenya vilevile ni ya serikali. Lakini umeuliza siku likija tuulize nini. Mimi ningeanza na daftari la zamu: liko mikononi mwa nani, na je, mkaguzi anaweza kuhesabu vichwa vya askari saa nane usiku bila kubisha hodi? Kisha ningetaka kujua kontrola anahamishwa baada ya muda gani, na ripoti yake inakwenda kwa nani zaidi ya wizara iliyosaini mkataba. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora tayari ina mamlaka kisheria ya kutembelea magereza, na majaji wetu nao huingia kusikiliza mahabusu; mkataba usije ukawageuza hao kuwa wageni wa kuomba miadi. Na mkataba wenyewe uwekwe wazi. Nikisikia "siri ya kibiashara" kwenye jambo la kufunga watu, huwa nafunga kalamu yangu na kuuliza nani anafichwa. Bei ya mtungi wa gesi wa jikoni wafiche wakitaka; idadi ya askari, idadi ya waliokufa na faini walizokatwa, hapana.

Sasa mfungwa aliyeonewa. Kwa kanuni, serikali haiwezi kukabidhi wajibu wake pamoja na funguo. Katiba ya Afrika Kusini inamlinda mfungwa popote alipofungwa. Lakini tazama Marekani. Mfungwa wa shirikisho aliyekuwa gereza la kampuni California alianguka, akavunjika viwiko vyote viwili, akadai askari na wahudumu wa kampuni walimnyima matibabu na kumfunga minyororo iliyomuumiza. Angekuwa gereza la serikali, angeweza kuwashitaki wahusika chini ya Katiba. Januari 2012, kwenye shauri la Minneci dhidi ya Pollard, Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba kwa kuwa ni waajiriwa wa kampuni, njia hiyo haipo. Aende na madai ya kawaida ya uzembe kwa sheria za jimbo. Mfungwa yule yule, hukumu ile ile, viwiko vile vile, na mlango wa mahakama umebadilika kwa sababu tu ya nani anamlipa askari mshahara.

Kwa hiyo rasimu ikija mezani kwenu, kifungu cha dhima kisomwe kabla ya bei. Kiandikwe kwamba mfungwa anaishitaki serikali kama vile kampuni haipo, na serikali ikishalipa, igeuke yenyewe kudai kwa kampuni. Mkandarasi atakataa na kusema bima itapanda. Mwacheni ataje imepanda kwa kiasi gani, maana tarakimu hiyo itawaambia yeye mwenyewe anategemea nini kitatokea mle ndani.